Jumanne Bila Kitu Mdomoni

"Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, toka jioni ya kuamkia siku hiyo, mtu asitie kitu mdomoni."

Sentensi hiyo niliisema mimi, kwa sauti yangu, kwa miaka minne, nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha vipimo katika kituo kimoja cha afya hapa Kamenge. Niliisema kwa Kiswahili, nikairudia kwa Kirundi, na kwa waliovaa vizuri nikaitia Kifaransa kidogo. Naanza na kosa langu kwa makusudi, maana nikianza na makosa ya wengine nitanogewa na kusahau la kwangu.

Sentensi yenyewe ilikuwa ya watu wa sukari. Mtu wa sukari akipimwa baada ya kunywa chai na mkate, kipimo hakina maana, kwa hiyo lazima aje na njaa yake. Lakini watu wa tansiyo, yaani wenye shinikizo la damu, nao walikuja Jumanne hiyo hiyo, kwa sababu chumba ni kimoja, mashine ni moja, na muuguzi ni mimi. Mabenchi ni yale yale. Kuwatenganisha na kuwaambia hawa maneno haya na wale maneno yale kungenichukua nusu saa nzima. Nikawaambia wote maneno mamoja. Ilinirahisishia kazi, na sina maelezo mengine.

Sasa niseme juu ya mama wa Buterere. Alikuwa amepita miaka sitini, mzaliwa wa Uvira, alivuka mpaka na wanawe wakati vita vilipowafikia na hakurudi tena. Alilima mpunga pamoja na binti yake katika yale mabonde ya Buterere ambayo mvua ikikolea huwezi kujua shamba linaishia wapi na uwanja wa nyumba unaanzia wapi. Kila Jumanne ya kipimo alikuja amevaa kitenge cha kwaya yao ya kanisani, kimepigwa pasi. Siku moja nilimtania kwamba leo si siku ya ibada. Akaniambia, "Kwa muganga mutu anaenda musafi, mwana wangu." Mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mjini, mabasi yanapita kwa kubahatisha, kwa hiyo alitembea kwa miguu mwendo wa zaidi ya saa moja. Bado alikuwa wa kwanza benchini, mgongo umenyooka, kadi mkononi.

Ninachotaka kusema ni kwamba katika wagonjwa wangu wote hapakuwa na mtiifu kama yeye.

Dawa za tansiyo nilizisoma shuleni kwa kukariri, kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Mwalimu wetu alisimama mbele na chaki, akitunyooshea mmoja mmoja. Zile ambazo majina yake yanaishia na "pril"? Tunajibu kwa pamoja: kikohozi kikavu, potasiamu kupanda, mjamzito asipewe. Za kukojoza? Zitolewe asubuhi, si jioni, la sivyo mgonjwa atakesha chooni. Na zile za "olol"? Hapo darasa zima lilipaza sauti, maana swali hilo lilikuja kila mtihani: pima mapigo ya moyo kwanza, yakiwa chini ya hamsini usitoe, na usimwachishe mgonjwa ghafla, kwa sababu moyo uliokuwa umetulizwa hurudi kwa nguvu na tansiyo ikapaa. Nilipata alama nzuri sana. Mama yangu aliwaonyesha majirani ile karatasi.

Mpaka leo nikikumbuka darasa lile nakasirika. Tulijua kila dawa inafanya nini ikishaingia mwilini. Kama imeingia au haikuingia, hilo halikuwa kwenye mtihani.

Mara ya kwanza nilipompima mama wa Buterere alikuwa na kumi na saba kwa kumi. Hapa kwetu tunahesabu hivyo, tukiacha sifuri. Mtu mzima mwenye afya tunamtaka awe karibu na kumi na mbili kwa nane. Kwa hiyo alikuwa mgonjwa kweli, sitaki mtu afikiri tulimbambikia ugonjwa. Mkuu wa kituo, ambaye ndiye aliyeandika dawa, akamwanzishia captopril, kidonge kidogo asubuhi na kidogo jioni. Mwezi uliofuata mashine ikasoma kumi na nane kwa kumi na moja. Mkuu akazidisha dozi mara mbili. Mwezi wa tatu, ile ile kumi na nane. Akaongezewa dawa ya kukojoza. Mwezi wa nne ikapanda hadi kumi na tisa, na juu yake mama akawa anakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Darasa zima la wauguzi lingelia "pril" kwa kusikia tu kikohozi kile, lakini yeye alipewa kikopo cha kutemea makohozi akapimwe kifua kikuu. Hakuwa nacho. Kikohozi kikaachwa hapo kilipo, akaongezewa atenolol.

Ukifungua kitabu, karibu hatua zote zilikuwa sahihi. Dozi ndogo, dozi kubwa, dawa ya pili, dawa ya tatu. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Siku ile ya atenolol mkuu wa kituo alikuwa amechoka naye. Akanigeukia mimi, si yeye, akasema, "Muulize kama anameza dawa au anazipanga kabatini." Nikamuuliza. Sitasingizia kwamba niliuliza kwa upole.

"Mama, dawa unazimeza kweli?"

"Nakunywa, mwana wangu. Kila asubuhi na mangaribi, vile munatuambiaka."

"Mashine inasema humezi."

Aliiangalia mashine kwa muda, kama mtu anavyomwangalia jirani aliyemsingizia. Akasema taratibu, "Basi mashine iko na shida ingine. Mi nakunywa."

Mkuu akavuta kadi, akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwa Kifaransa mistari miwili: hafuati matibabu, haelewi maelekezo. Mama aliona rangi. Hajui Kifaransa, lakini mtu yeyote aliyepita shule hata miaka miwili anajua nyekundu ni ya nini. Akaniuliza, "Wameandika nini?"

"Wameandika urudi mwezi ujao," nikasema.

Nilimdanganya usoni, mchana kweupe, mtu ambaye hakuwa amenidanganya hata mara moja. Akashukuru, akafunga kadi katika kitambaa, akaanza safari ya kurudi Buterere kwa miguu.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki ya tatu baada ya hapo. Binti yake alikuwa akiuza ndagala, yaani dagaa, katika soko ambalo nyumba yangu iko nyuma yake, na alipajua kwangu. Alibisha mchana nikiwa nafua. "Mama ameanguka mu mashamba ya muchele," akasema. "Tumemutoa mu maji. Mukono umevimba. Na hasikii vizuri, anasema dunia inazunguka." Nikachukua mashine yangu mwenyewe, ile ndogo niliyonunua nikiwa mwanafunzi. Pikipiki ilitufikisha mpaka pale barabara ilipokuwa imefunikwa na maji, tukavua viatu, tukamalizia kwa miguu.

Alikuwa amelala juu ya mkeka, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba na kufungwa kwa kipande cha kanga. Nikampima mkono wa kushoto. Nane kwa tano. Nikatoa hewa, nikasubiri, nikapima tena. Nane kwa tano. Nikashika mapigo, macho yangu kwenye saa, nikahesabu dakika nzima. Arobaini na nne.

Mwanamke aliyekuwa na kumi na tisa mbele yangu wiki tatu nyuma sasa alikuwa na nane. Nikaomba dawa zake nizione.

Alizihifadhi katika kopo la maziwa ya unga, kila aina katika mfuko wake mdogo wa plastiki uliofungwa fundo, na kila mfuko umetiwa uzi wa rangi yake ili asichanganye. Nilihesabu. Zilikuwa zimemezwa jinsi zilivyopaswa kumezwa. Lakini chini kabisa ya kopo kulikuwa na fundo la nne, dogo, lenye captopril na vidonge vya kukojoza vimechanganywa.

"Na hivi, mama?"

"Hivyo ni vya siku za kupimwa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sivikunywake. Nilisema nitawarudishia, ni vyenu."

"Siku za kupimwa humezi?"

"Si mulisema mutu asitie kitu mu kinywa?"

"Chakula, mama. Dawa pia uliacha?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Na dawa inapitiaka wapi, mwana wangu?"

  Akaendelea kunieleza taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto kuelewa: kwamba tulisema toka jioni ya Jumatatu, lakini yeye aliongeza siku nzima, akafunga toka siku ya Mungu mangaribi, baada ya ibada, chakula kidogo sana na dawa hapana, ili mashine ione vizuri. "Mutu akiwa na dawa mu mwili," akasema, "munapima dawa. Hamupimi mutu."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya udongo. Captopril nguvu yake ni ya saa chache, ndiyo sababu inamezwa mara mbili. Mtu aliyeiacha siku mbili hana dawa mwilini hata chembe. Na atenolol, kama angeifikisha Jumanne iliyofuata akaikata ghafla, moyo ungerudi kwa nguvu, wimbo wetu wa darasani. Kwa hiyo kila mwezi mama huyu alizivua dawa zake zote, akatembea kwa njaa zaidi ya saa moja, akakaa mbele yetu na tansiyo ya mtu asiyetibiwa, nasi tukaipima hiyo na kuiongezea kidonge. Kisha akarudi nyumbani na kuvimeza vyote, kila siku, kwa uaminifu, dozi iliyopimiwa mtu ambaye hakuwa yeye. Na hakuna mtu aliyemuuliza swali moja la maneno manne: umekunywa dawa leo, mama? Mimi niliuliza kama anameza dawa kwa jumla. Niliuliza kama askari.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Dawa zenu zinamumaliza," akasema. "Mu kanisa wamesema aache zote, aombewe. Na mi naona wana haki."

Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko mkono uliovimba. Akiacha zote siku hiyo hiyo, ile kumi na saba ya kwanza ilikuwa inamsubiri, na safari hii ingekuja na nguvu zaidi, ikampiga kichwani. Nilijua watu waliopooza upande mmoja kwa namna hiyo. Nikamwambia binti ukweli wote, pamoja na sehemu yangu. Akaenda kutafuta watu wa kumbeba mama. Tulimpeleka hospitali kubwa jioni hiyo kabla giza halijaingia, tukimbeba mpaka barabarani. Daktari wa kule alisikiliza, akalihesabu lile fundo dogo kwa kidole, akapunguza dawa hatua kwa hatua mpaka zikabaki mbili, na captopril yenye kikohozi akaibadilisha. Mkono ulikuwa umevunjika. Wakaufunga plasta.

Kabla hatujaachana, binti alinipa sharti lake. Mama atarudi kituoni mara moja tu. Kipimo kikiwa kibaya tena, dawa zinaishia hapo.

Jumanne ya kwanza iliyofuata, huku mama bado akiwa hospitali, nilisimama mbele ya mabenchi kabla sijagusa mashine. Nikauliza, "Watu wa tansiyo, nani amekunywa dawa zake leo asubuhi?" Mikono miwili ikainuka. Mabenchi yote yale, mikono miwili. Mmoja alikuwa yule mama mnene ambaye nilimgombeza kila mwezi kwa sababu alinunua andazi na chai getini kabla ya kupimwa, akasema njaa hawezi, tukitaka kumfukuza tumfukuze. Tansiyo yake siku zote ilikuwa kumi na tatu kwa nane. Mkaidi wetu ndiye aliyekuwa akitibiwa sawasawa, na waliotusikiliza tulikuwa tukiwaumiza.

Nilimfuata mkuu wa kituo ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya. Kisha akasema, "Basi hawakuelewa."

"Walielewa," nikasema. "Tuliwaambia wasitie kitu mdomoni, hawakutia. Sisi ndio hatukusema tulichotaka."

Akasema tangazo la ukutani, lenye maneno yale yale niliyokuwa nikiyasema mlangoni, lilibandikwa kwa utaratibu, litabadilishwa kwa utaratibu, ataandika barua. Nikamuuliza wagonjwa wafunge mpaka barua ijibiwe? Akasema nisimpandishie sauti. Nilikuwa nimeipandisha, ni kweli. Nikaomba basi afute angalau ile mistari miwili nyekundu kwenye kadi ya mama wa Buterere, na aandike kilichotokea. Akatikisa kichwa. "Kadi ni hati," akasema. "Hati haifutwi."

Nikatoka nikachukua kipande cha boksi la glavu, nikaandika kwa herufi kubwa kwa Kiswahili na Kirundi: wa sukari, usile. Wa tansiyo, kunywa dawa yako, kula uji wako, njoo. Nikalibandika juu ya tangazo lao. Nilisikia litang'olewa. Halijang'olewa bado.

Mama alirudi baada ya plasta kutolewa. Alikuja na binti yake, kitenge cha kwaya kimepigwa pasi kama kawaida, ila safari hii alitembea taratibu. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Vidole vya mkono wa kulia havikufunga tena, na mtu asiyeweza kufunga mkono hashiki mundu wala hakamui nguo. Binti alisimama nyuma ya kiti, akingoja kuona namba.

Nilipomfunga kitambaa cha mashine, mama aliniinamia sikioni ili benchi lisisikie. "Munisamehe," akasema. "Leo nilikunywa. Na uji nilikunywa."

Aliona haya. Nataka mtu aelewe jambo hilo: alikuwa anaomba msamaha.

Kumi na tatu kwa nane. Nikapima tena mbele ya macho ya binti, na mapigo nikayahesabu kwa sauti. Yalikuwa sitini na nane. Binti akashusha pumzi, akavuta kiti akaketi. Mkuu wa kituo akaja, akaangalia namba, akafurahi kweli, akampiga mama begani. Kisha akachukua kadi na kalamu yake nyekundu, akaandika mstari mmoja, akaiweka kalamu mezani.

"Wameandika nini?" mama akaniuliza, kama alivyoniuliza siku ile.

Safari hii nilimsomea. Nilianza juu kabisa ya kadi, nikashuka, kila kitu kwa Kiswahili, na sikupunguza sauti. Captopril. Captopril mara mbili. Ya kukojoza. Atenolol. Hafuati matibabu. Haelewi maelekezo. Na chini yake, wino bado mbichi: sasa ameanza kutii.

 Mama alinyoosha mkono wa kushoto akachukua kadi, akaiangalia kwa muda mrefu, ingawa hawezi kuisoma. Hakukasirika. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Na siku ile nilianguka, wameandika wapi?"

Nikaigeuza kadi mbele, nikaigeuza nyuma. Hapakuwa na neno.

Nikaokota ile kalamu nyekundu. Niliandika kwa Kiswahili ili binti yake aweze kumsomea nyumbani, na yeyote atakayemsomea baada yake: huyu mama alitii toka siku ya kwanza. Tulimwambia vibaya, tukampima bila dawa, tukamzidishia dawa, akaanguka, akavunjika mkono. Chini yake nikaandika jina langu zima na kutia sahihi. Mkuu wa kituo alinyoosha mkono aichukue kadi. Nikamrudishia mama, nikamwambia mkuu kwamba kadi ni hati, na hati haifutwi.